Boti ya Pemba inayokataa pesa yako, naipa nyota nne

Watu kadhaa wameniuliza ile boti ya asubuhi ya Malindi, bandari ya Unguja mjini, kwenda Mkoani Pemba ikoje, ile inayosifiwa na kutukanwa kwa pamoja, nikijibu mmoja mmoja ntamaliza bando bure basi naandika mara moja, aliesoma amesoma. Jina la kampuni silitaji, sijalipwa kusifu na sitaki kuitwa kituoni kwa kuponda, mnaopanda mnaijua.

Kwa ufupi, panda. Ila kama wewe ni mtu wa kufika bandarini dakika za mwisho na noti mkononi na jina la mjomba wako mdomoni, usijisumbue, hii si boti yako.

Nianze na madogo madogo. Viti vya chini vina nafasi ya miguu kuliko vya juu, AC wanaifungulia si mchezo mpaka akinamama wanajitanda kanga mbili mbili na watoto wanalia, televisheni inaonesha vichekesho bila ya sauti, sijui wanadhani tunasoma midomo. Choo mwanzo wa safari kisafi, mwisho wa safari usiniulize. Wanaondoka kwa wakati, hilo niwape haki yao. Ukifika mkondo wa Nungwi hasa huu wakati wa kusi ndo utajua umepanda chombo, roho inachafuka, mabaharia wanapita na mifuko ya karatasi ya kutapikia na wanafanya kazi ile kwa adabu bila ya kumkunjia mtu uso. (Mifuko ya karatasi, maana ya plastiki Zanzibar tulishaipiga marufuku zamani, bara walikuja kufanya hivo 2019. Nakumbuka watu walivolalamika mwanzo ati serikali inatuingilia mpaka kwenye vikapu vyetu vya sokoni, leo nani anaikumbuka?) Safari ni kama masaa matatu, bahari ikiwa mbaya yanazidi.

Sasa lililonifanya niandike ni mlangoni.

Ilikuwa karibu na Sikukuu, na mnajua Malindi inavokuwa karibu na Sikukuu, Wapemba wote wa mjini tunarudi kwetu kwa siku moja, magodoro, mabati, ndoo za rangi, baskeli za watoto, kila mtu na kishindo chake. Pale kwenye ngazi ya boti kasimama dada mmoja kavaa kizibao cha kung'aa juu ya baibui, mkononi ana kile kidude cha chuma cha kuhesabia, cha kubonyeza na dole gumba. Kila kichwa kinachopita anabonyeza, tik. Mama kapita na mtoto mgongoni, tik tik. Mama akamwambia huyo ananyonya bado, akajibiwa hata akinyonya ana jina, na kweli mtoto alikuwa kaandikwa kwenye karatasi yao. Tiketi yenyewe hupati bila ya kitambulisho, jina la tiketi na jina la kitambulisho yasipokuwa sawa unarudi nyumbani.

Ikafika hesabu yake akavuta mnyororo. Nyuma yangu mie wamebaki watu kama kumi hivi na tiketi zao wakaingia kwa mlango wa pili, wao walishahesabiwa. Waliobaki nje ni wale wasiokuwa na tiketi, waliozoea kulipia pale pale. Mzee mmoja wa makamo, kanzu safi, kofia ya viua, akasogea na noti kaikunja vidoleni.

"Mwanangu nipishe, hela hii hapa, kiti sitaki ntasimama."

"Imejaa ami."

"Imejaa nini, mbona pale naona nafasi?"

"Nafasi ipo ami, hesabu ndo imekwisha."

Ami akapandwa na hasira. Akasema nchi hii ilipinduliwa 1964 ili watu wawe huru, hakuzuiwa na Mwingereza sembuse mtoto wa juzi, pesa yake, safari yake, na roho yake, akizama kazama yeye hakumshtakia mtu. Watu wakaanza kumuunga mkono, mwache mzee wa watu, mmoja tu huyo, mmoja atazamisha boti? Na mie nakwambieni ukweli ningekuwa mie nimeshika ule mnyororo ningeufungua, mzee kama baba yangu, kavaa vile, Sikukuu, ntawezaje.

Yule dada akamwambia kwa upole kabisa, "Ukizama ami tutakutafuta sie, tutakuosha sie, na bi mkubwa atakaa eda miezi minne na siku kumi kwa sababu mie nilikuonea haya."

Kimya. Ami mwenyewe akacheka akarejesha noti mfukoni akenda zake kukata tiketi ya kesho. Baadae kidogo ikaja gari moja ya kizito, mtu mkubwa, siijui ya nani wala sitaki kuijua, dereva akashuka akamnong'oneza yule dada kitu, akaoneshwa mnyororo vile vile. Simu zikapigwa. Boti ikaondoka.

Humo ndani ya boti sasa ikawa ndo stori ya njia nzima, nusu wanasema kampuni ina roho mbaya nusu wanasema bora. Alikuwepo kijana wa skuli nyuma yangu, chuo kikuu nadhani, anabishana na mama mmoja wa Chake Chake kwamba binaadamu mzima mwenye akili timamu aachiwe aamue mwenyewe, akitaka kusimama masaa matatu kwenye chombo kilichojaa ni hiari yake, sheria kazi yake kumlinda na wezi sio kumlinda na nafsi yake. Kijana anajua kuzungumza. Na sio upuuzi alokuwa anasema, nitalirudia huko chini.

Lakini kwa sie watu wa Pemba hoja hii ina makaburi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilitoka hapo hapo Malindi kwenda Pemba, Sikukuu ya mfungo mosi imepita siku chache tu, watu wanarudi makwao. Chombo cha abiria mia sita na kitu. Tume ya uchunguzi iliyoundwa baadae ikasema walikuwemo zaidi ya elfu mbili, wakiwemo watoto. Ikazama karibu na Nungwi usiku wa manane. Wavuvi wa Nungwi wakatoka na vyombo vyao kuokoa, kuna waliosalimika kwa kushikilia magodoro, yale yale magodoro tunayopeleka kwetu. Maiti zikapangwa viwanja vya Maisara watu wanapita wanafunua nyuso. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, siku mbili tatu kabla ya Ramadhani, MV Skagit inatoka Dar ikapinduka karibu na Chumbe, chombo kilichojengwa kwa maji ya ndani ya kule jimbo la Washington Marekani kikaletwa kupambana na kusi yetu. Na 2018 kule Ukerewe MV Nyerere, kivuko cha watu mia na kidogo, wamekufa zaidi ya 220, chombo kimepinduka wanakaribia kabisa kufika nchi kavu.

Sasa yule kijana anaposema sheria zinambana mtu, nataka aniambie hawa nani aliwalazimisha? Hakuna. Kila alopanda Spice Islander alipanda kwa miguu yake, kalipa kwa pesa yake, kachagua. Wengine waliiona imelala upande wakashuka. Kila mmoja alikuwa huru na kila mmoja alikuwa ni yule "mmoja tu". Elfu na zaidi wa mmoja tu.

Na tusidanganyane kwamba sheria haikuwepo. Ilikuwepo. Idadi ya abiria imeandikwa kwenye cheti cha chombo, mamlaka ya usafiri wa baharini ishaundwa, bandarini wapo maofisa wenye sare. Kilichokosekana ni mtu wa kuvuta mnyororo. Na kwa nini alikosekana, kwa sababu ya rushwa ndio, tamaa ya mwenye chombo ndio, lakini kuna kitu chengine sie wenyewe tunakijua na hatupendi kukisema: muhali, ile haya ya kumkatalia mtu. Hapa visiwani kila mtu ni ami wa mtu, huyu kamsomesha huyu, huyu kamuoza huyu, utamwambia vipi hapana mtu uliekula kwake juzi kwenye hitma? Mzungu akikuambia hapana kakwambia, sie tunasema "haya pita pita upesi". Muhali ni kitu kizuri sana kwenye harusi na kwenye msiba, kwenye ngazi ya meli ni muuaji.

Ndo maana mie nasema jamii inahitaji sheria za kuzuia uhuru wa mtu, tena sisi tunazihitaji kuliko hao wenzetu wa Ulaya wanaoziandika kila siku. Sio kwamba watu wetu wabaya. Yule dada na kidude chake, bila ya sheria nyuma yake, ni mtoto mkosa adabu anaemzuia mzee. Sheria ikiwepo ya kweli anaweza kumwambia ami namheshimu sana lakini sio mie ninaekukatalia. Inamtua ule mzigo. Hata yule ami alivocheka aliona hajavunjiwa heshima na mtu, kakutana na hesabu tu.

Masheikh na maimamu wetu wanaitaja sana ile hadithi ya Mtume (s.a.w.) aliyoipokea Nuuman bin Bashir, ya watu waliopanda chombo wakapiga kura, wengine wakapata juu wengine chini. Wa chini wakitaka maji lazima wawapitie wa juu, wakaona bora watoboe tundu kwenye sehemu yao wachote maji bila ya kuwaudhi wenzao. Mtume akasema wakiachwa wanalolitaka wataangamia wote, wakishikwa mikono watasalimika wote. Nimeisikia tangu chuo cha Qur'ani na sikuwahi kuitilia maanani kitu kimoja mpaka siku ile ndani ya boti: wale wa chini hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Walitaka kuwaonea huruma wa juu. Na walisema sehemu yetu, haki yao kabisa, waliipata kwa kura.

Baada ya majanga yale serikali ikaleta MV Mapinduzi II mwishoni mwa 2015, ya abiria 1,200, na ukaguzi bandarini ukakazwa, kwa hiyo sisemi boti hii ndo ya kwanza duniani kuhesabu watu. Nasema ndo ya kwanza mie kuiona inahesabu Sikukuu na mbele ya gari ya kizito. Siku ya kawaida kila mtu anajua kuhesabu.

Haya sasa nyota moja nimeikata kwa nini.

Kwanza chakula. Ati hairuhusiwi kuingia na chakula chako. Nimebeba mkate wa ufuta na samaki wa kukaanga kwa ajili ya njia, nimetolewa nikaambiwa niweke kwenye mizigo, halafu humo ndani wanauza chipsi zilizopoa na soda kwa bei ya hoteli ya Kendwa. Nikauliza kwa nini, nikajibiwa "usalama". Usalama wa nani na mkate? Hii ndo tabia inayoniudhi, wakishaona watu wamekubali sheria moja ya maana wanaichomekea na za kwao za biashara, zote zinavaa kizibao kimoja cha kung'aa. Baharia mmoja mwenyewe alikuwa anacheka anaponieleza.

Na hapa ndo namrudia yule kijana, maana alimuuliza yule mama wa Chake swali ambalo mama hakulijibu na mie nilikaa nalo mpaka Mkoani: leo umekubali wakuhesabu, kesho wakikwambia usiseme, utakataa vipi? Uchaguzi wa 2020 mitandao ilipobanwa tuliambiwa ni kwa amani yetu. Kila anaetaka kukufunga mdomo anakwambia chombo kitazama.

Jibu langu nililipata siku ya kurudi, pale bandarini Mkoani, wanapopekua mabegi kutafuta karafuu. Wageni hawalijui hili: karafuu yako, ya mkarafuu wako, alioupanda babu yako, huna ruhusa ya kumuuzia unaemtaka. Miaka na miaka mnunuzi kwa sheria ni mmoja tu, shirika la serikali la ZSTC, na ukiondoka nayo Pemba bila ya kibali umefanya magendo. Tuna mpaka kikosi kizima, KMKM, jina lake lenyewe ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Kijana wa upekuzi akafungua begi langu akaingiza pua, wallahi ananusa, akakuta halua ya Wete na vikoi akanirejeshea. Mbele yangu bibi mmoja alikuwa na kifuko cha karafuu za kutia kwenye pilau, konzi mbili hivi, akasimamishwa mpaka akaja mkubwa wao kusema mwachieni.

Zote mbili ni sheria zinazonizuia. Kwa nini ile ya mnyororo nimeipenda na hii imenichefua? Nimeipindua pindua naona hivi: ile ya idadi ya abiria, wa kwanza kubanwa sio mie, ni mwenye boti. Yule ami na noti yake ni pesa halali ilokuwa inaingia mfukoni kwao wameikataa, wamejinyima. Sheria inayomuuma alieshika mnyororo ina dalili ya ukweli. Ya karafuu anaezuia ndo anaenunua. Ya mkate anaezuia ndo anaeuza chipsi. Ya kufunga mitandao anaezuia ndo anaesemwa. Hapo hata ukiniambia ni kwa faida yangu ntakuomba unioneshe. Na bado sisemi ya karafuu haina hoja, mapato yale yamejenga mengi na mkulima mdogo akiachwa na walanguzi peke yake wangemkamua, najua. Ila kumbukeni KMKM wamewinda magendo miaka mingapi na karafuu ilikuwa ikivuka usiku kwenda Shimoni na Mombasa vile vile, mpaka pale miaka ya 2011 bei ya mkulima ilipopandishwa kweli kweli, watu wakapeleka ZSTC kwa miguu yao. Bei ilifanya kazi ambayo boti za doria hazikuiweza. Na hao hao KMKM wakiitwa chombo kimezama wanajitosa majini kuopoa watu, kazi yao hiyo ndo ya kupigiwa makofi.

Jaketi za kuokolea zipo chini ya kiti, nimeinama nikaigusa ya kwangu, ipo na kamba zake. Wanaonesha namna ya kuvaa kabla ya kuondoka, watu wako kwenye simu hawaangalii. Hapo nadhani hakuna haja ya sheria, mtu ambae haangalii asiangalie. Ila watoto wapewe za kitoto, nilioziona ni za watu wazima tu, hili walishughulikie haraka kuliko televisheni.

Lengine dogo, kutoka nje kupunga upepo hairuhusiwi safari nzima hata bahari ikiwa shwari. Mkondo wa Nungwi nakubali, fungeni mlango. Tumeshaupita tumeingia maji ya Pemba yametulia, unaona mpaka minazi, bado mlango umefungwa. Nikamuuliza baharia akasema mmoja akianguka wataulizwa wao. Sikuridhika lakini sikubishana, kule nyuma walikuwa wameshachoka na mimi na habari ya mkate.

Mnaokwenda: kata tiketi siku mbili kabla, Sikukuu wiki nzima kabla. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho, sio "Mama Fulani". Watoto wote waandikwe. Kaa chini katikati kama unachafukwa na roho, chukua ndimu na tangawizi. Mizigo mikubwa ipeleke mapema, wachukuzi wa pale nje mpatane bei kabla hawajashika kitu. Chakula kuleni nyumbani kabisa, au fanyeni kama alivofanya yule mama wa Chake, sambusa sita kwenye mkoba wa mtoto chini ya nepi, hakuna alopekua, akanigaia mbili.